Sufuria ya Mdakaji

Majira ya baridi, besiboli ikiwa imelala, wazee walikutana kila Jumamosi dukani kwa Duane Hruska, pembeni ya jiko la kuni, kati ya misumari na makopo ya rangi. Hapo walibadilishana, kwa maneno tu, wachezaji wasio wao. Sheria ilikuwa moja: ukimtaka mtu, sema kwanza unamtoa nani.

Orville Stenerson, fundi mabomba mstaafu, hakuwa msemaji. Alikunywa kahawa akasikiliza. Ila kiangazi kilichopita alimpa chumba Yadiel, kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyekuwa mdakaji wa timu ndogo ya mji, inayoikuzia timu kubwa wachezaji, kama wenyeji walivyozoea kuwapokea wachezaji. Tangu mkewe afariki, nyumba haikuwahi kuchangamka vile. Yadiel alipika wali kwa sufuria nzito, wakagombania ukoko. Alipoondoka aliiacha jikoni.

"Usiisugue sana, mzee. Msimu ukianza narudi."

Jumamosi hiyo Arlo Feddersen, mkulima wa mahindi, alikuwa amepamba moto.

"Timu yetu kubwa haina mrushaji. Namtaka yule wa mkono wa kushoto, wa Seattle."

"Unatoa nani?" Duane akauliza.

"Wale wawili wa benchi."

"Arlo, kwa bei hiyo hupati hata ndama kilema!"

"Haya, naongeza na yule mdakaji kijana. Yadiel."

Kicheko kikakatika.

"Huyo muache," Duane alisema. "Baba mwenye nyumba yupo hapa."

"Si aseme basi! Stenerson, unakunywa kahawa hapa tangu enzi za Nuhu, hujatoa hata mtu mmoja."

Orville aliitazama kahawa yake. Timu kubwa ilikuwa na mdakaji wake, kijana bado, mwenye mkataba mrefu. Hapa Yadiel angerudi kiangazi hadi kiangazi, ale ukoko na mzee, mpaka magoti yamwishe kwa kuchuchumaa akidaka mipira. Na Orville alikuwa ameshamfulia mashuka.

"Mtoeni," alisema.

"Unasemaje?"

"Yadiel. Lakini si Seattle, wana wadakaji tele. Mpelekeni kwa wale walioshika mkia. Kule atacheza."

"Sisi tunapata nini?"

"Chochote."

"Hiyo si biashara, bwana," Arlo alisema, lakini kwa upole.

Duane akamwongezea Orville kahawa. "Imepita."

Orville alirudi nyumbani akateleka wali. Ukatoka bokoboko, bila ukoko. Akapiga simu Dominika.

"Mzee! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nauliza maji. Unatia kiasi gani?"

"Yafunike mchele kidogo tu. Subiri, nikija nitakuonyesha."

"Ukija, sawa. Wakikupeleka kwingine, nenda. Nitakutumia sufuria."

Yadiel akacheka.

"Wakinipeleka, nitanunua nyingine. Hiyo ni yako, mzee. Haya, teleka tena, mimi nipo hapa kwenye simu."

Orville akapima mchele upya.