Mshambuliaji Aliyevaa Suti

Watu wakisikia nimecheza hoki ya barafu kwa karibu miaka ishirini hunitazama juu mpaka chini, halafu huuliza swali lile lile: "Wewe? Barafuni?" Ndiyo, mimi. Nilizaliwa Tanga, ambako barafu tuliijua ndani ya glasi ya juisi, nikapelekwa Uswisi nikiwa mtoto wa darasa la pili, mama yangu alipoolewa na Mswisi. Katika mji wetu wa milimani kila mtoto alicheza hoki, basi na mimi nikacheza. Nikaanguka, nikachekwa, nikainuka na hasira zangu. Mama alipiga marufuku Kijerumani mezani. Ukitaka chumvi, uiombe kwa Kiswahili.

Niseme mapema kwamba sikuwa nyota. Nilikuwa mshambuliaji wa kuhangaika. Kile kisahani cheusi tunachokigombania kikiingia pembeni, mimi ndiye niliyetumwa kukifuata, nibanwe ukutani na majitu mawili, nikitoe, nimpe mwenzangu afunge, yeye apigiwe makofi. Kocha mmoja aliwahi kuniambia kwamba mimi ni mtu wa kutegemewa. Nilifurahi wiki nzima, mpaka mwenzangu mmoja akanifafanulia kwamba ndivyo wanavyosema mtu asipokuwa na kipaji.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nikapata mkataba Toronto. Siyo timu kubwa ile ya kwenye televisheni, hapana, ilikuwa timu ya pili, ya wale wanaosubiri kuitwa. Nilisubiri msimu mzima na sikuitwa. Mdogo wake mama alikuwa akiishi Flemingdon Park, ghorofa ya tisa katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Timu ilitaka kunitafutia chumba, Mama mdogo akawaka: "Mtoto wa dada yangu akapange nami nipo? Watu watanionaje?" Nikahamia kwake na mfuko wangu wa vifaa, mkubwa kuliko meza yake ya chakula. Kila nilipoufungua alifungua dirisha, hata wakati wa theluji.

Yeye alifanya kazi Malton, kwenye ghala la mizigo kando ya uwanja wa ndege. Alibadilisha mabasi kutwa, kwenda na kurudi, akipakua maboksi ya watu asiowajua. Kule ghalani ngazi ya maisha ilikuwa moja tu. Waliovaa reflekta, vile vizibao vya kung'aa, walibeba, waliovaa tai waliamuru. Alinisimulia habari za Mkenya mmoja aliyebeba naye miaka mingi, kisha siku moja akaja kazini amevaa suti, na tangu siku hiyo akawa anakaa ndani ya ofisi ya kioo na kikombe cha kahawa. Habari hiyo aliisimulia mara kwa mara, na kila mara aliteremsha sauti akifika kwenye suti. Reflekta yake mwenyewe aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuipenda hata kidogo.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka mji ule baada ya kuona siitwi juu: Mama mdogo anione nikicheza. Mama yangu alikwishafariki, na huyu alikuwa na macho yake yale yale. Lakini zamu zake ziligongana na mechi zangu zote. Mimi natoka, yeye amelala. Mimi narudi, yeye yuko kwenye basi. Hata suti ya kuingilia uwanjani siku za mechi niliiacha kwenye kabati langu kule kule ili isijikunje njiani, hivyo hakuwahi kuiona. Alichokijua kuhusu kazi yangu ni harufu ya ule mfuko.

Hatimaye akabadilishana zamu na mwenzake, mechi ya Jumamosi mchana. Angekuja peke yake, ningeshukuru. Lakini kwetu mtu haendi peke yake kwenye jambo la mwanawe. Aliwaambia akina mama wa kikundi chao, Watanzania wa Flemingdon na wengine wa North York, nao wakalishika jambo hilo vile wanavyoshika harusi. Ikaundwa kamati. Kikachaguliwa kitenge cha njano, wakashona sare, na mgongoni kila mmoja akabandika namba yangu. Mimi nilicheka, nikasema jamani, ni mechi ya kawaida tu. Mama mdogo akanikata kauli: "Kawaida kwako."

Asubuhi ya siku hiyo kocha akaniita pembeni na kuniambia kwamba leo nitakaa nje. Hakuwa na ugomvi na mimi. Walikuwa wamemleta kijana mpya, wakataka kumwona. Nikamwambia leo familia yangu yote inakuja. Akaniambia pole, akaangalia saa. Nilikimbilia simu, nikapiga nyumbani ikaita mpaka ikakata. Walikuwa wameshahamia kwa mama mwingine kukaanga sambusa, na namba yake sikuwa nayo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwenye hoki utaratibu ni kwamba mchezaji aliyeachwa nje haketi na wenzake. Anavaa suti, anapanda jukwaani, anatazama kama mtu mwingine yeyote. Nikapanda nikakaa kwenye safu ya juu, karibu na wakubwa wa timu na karatasi zao. Kisha nikawaona wakiingia. Makoti meusi ya baridi yakavuliwa, ikatokea njano tupu, safu nzima, namba yangu mgongoni mwa kila mtu. Wale wakubwa wakageuka kunitazama. Nilihisi masikio yanawaka.

Timu ilipoingia barafuni vigelegele vikapasuka. Hawakujua wanampigia nani, walimpigia kila mwenye gongo. Halafu wakaanza kunitafuta. Niliwaona wakinyoosha vidole, yule, hapana yule, wote wamefunikwa kofia ngumu, nani atamtambua nani? Kabinti kamoja kalikozaliwa huku huku kalijua mchezo vizuri. Kakaangalia migongo ya wachezaji, kakasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba nimeachwa nje. Mama yake akakafinya. Mimi nilifikiria kwenda kujificha chooni mpaka mechi iishe, na nasema kweli, nilikwishainuka nusu.

Ndipo Mama mdogo akageuka, macho yetu yakakutana. Akaniangalia kwa muda. Akamwangalia kocha kule chini, amesimama na suti nyuma ya wachezaji. Akawaangalia wale wakubwa niliokaa nao, suti na tai, kalamu mkononi. Akanirudia mimi. Nikaona mkono wake unakwenda mdomoni, nikajua sasa analia, nimemwaibisha mbele ya watu aliowakusanya mwenyewe.

Kumbe! Kigelegele alichopiga kiliwafanya hata wachezaji wainue vichwa. "Jamani! Amevaa suti! Mwanangu wamempandisha!"

Mungu wangu. Wakapanda wote, kitenge chote kile, wakanikumbatia mmoja mmoja. Sambusa zilizopitishwa mlangoni chini ya makoti zikatoka. Mama mdogo akachukua mbili za nyama akampelekea mmoja wa wale wakubwa, msaidizi wa meneja, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa Kiingereza chake cha ghalani kwa kumwona mwanawe. Yule bwana alijua fika kwamba ndiye aliyelikata jina langu asubuhi. Alitafuna, akanitazama, akasema asante. Nilitazama viatu vyangu. Nimepigwa magongo ya meno maishani, lakini nakwambia, sambusa ile iliniuma zaidi.

Kwenye basi la kurudi nikamwambia. "Mama mdogo, kile siyo cheo. Wameniacha nje. Ni kwa leo tu."

"Haya, mnyenyekevu wangu," akasema, akanipapasa goti.

Nyumbani nikarudia. Akacheka, akasema mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo, hapendi kujisifu. Kesho yake nikarudia tena, safari hii nikapandisha sauti, nikamwambia kwetu wachezaji wenye suti ndio wasiotakiwa. "Usinifokee," akasema. "Ukipanda ndiyo uanze kunifokea?" Nikaona haya, nikaomba radhi. Unamwelezaje mtu aliyeitamani suti ya wengine miaka yote hiyo kwamba kuna mahali suti ni adhabu?

Msimu ulipoisha mkataba haukurudiwa. Nikarudi Uswisi, timu moja ya milimani ikanichukua, na humo nikakaa mpaka mwisho, zaidi ya misimu kumi. Hapo ndipo nilipokuwa mchezaji kweli. Makocha wakaja wakaondoka, mimi nikabaki. Watoto waliokuwa wakinisubiri getini na peremende mdomoni wakakua, wakavaa jezi, wakacheza pembeni yangu na kuniita mzee. Nilivunjwa pua, nikang'olewa meno, nikashonwa nyusi na kurudi kumalizia kipindi. Niliipenda kazi ile mpaka nikawa naota naikimbilia.

Na kila Jumapili simu ya Toronto.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba baba. Ofisi inaendeleaje?"

"Sina ofisi. Nacheza."

"Haya, cheza nao, cheza nao. Ukubwa siyo kujitenga na watu."

Hapo utafanya nini? Nilicheka, nikamuuliza hali ya magoti yake. Nilijua kabisa kwamba Flemingdon nzima mimi ni bosi wa timu Ulaya. Nikipita mawazoni mle kwenye sebule za akina mama wale nilitoka jasho la aibu, peke yangu, jikoni kwangu, na simu mkononi.

Nilipostaafu timu ilinifanyia hisani. Walikusanya picha za video za miaka yote, magoli yangu yale machache na makumbo yale mengi, wakanipa kwenye flashi. Nikakata tiketi ya Toronto wiki ile ile. Nikajisemea: sasa ataniona. Mama mdogo alisema kwenye simu, "Njoo na suti, nimeshawaita watu," nami nikaichukua, ile ile ya kijivu niliyovaa siku ile jukwaani, kwa kumridhisha tu. Nia yangu ilikuwa kuvaa jezi.

Alikuwa amestaafu naye. Magoti yalikuwa yamekwisha, alikwenda msalani akishika ukuta. Nyuma ya mlango reflekta bado ilikuwa kwenye msumari wake, nilipomuuliza kwa nini hajaitupa akasema anasahau. Chai ilikuwa tayari, vitumbua vimefunikwa, akina mama walikuwa njiani. Nikiwa na jezi yangu mwilini nikamwambia, kaa kwanza uone wewe, kabla yao. Nikachomeka flashi kwenye televisheni.

Sikuitazama picha. Nilimtazama yeye. Mwanzoni alitabasamu akinitafuta, nikamwonyesha, yule, mwenye namba ile, akasema ala! Kisha tabasamu likaanza kupungua. Niligongwa ukutani, akashtuka. Nikaanguka, nikainuka, nikagongwa tena. Nikatema jino kwenye kiganja, nikampa daktari, nikarudi barafuni. Kocha akaonekana nyuma yangu, mdomo wazi, kidole usoni kwangu.

"Huyu mwenye suti nani?"

"Kocha."

"Anakufokea?"

"Ndiyo kazi yake."

Picha zikaendelea. Nilikuwa nazidi kuwa mtu mzima pale mbele yetu, ndevu zikipata mvi, na bado ninagongwa. Goli langu zuri kuliko yote likapita, hakulisemea neno.

"Miaka yote hii?" akauliza.

"Yote, Mama mdogo. Ndiyo kazi yangu. Nilikuwa naipenda."

Akaniwekea mkono begani, juu ya jezi, pale pale nilipowahi kuteguka.

"Kumbe na wewe ulikuwa unabeba tu," akasema taratibu. "Kama mimi. Na hukunambia."

"Nilikwambia."

"Pole, mwanangu. Pole sana." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Nikafungua mdomo nimweleze, nilikuja kutoka mbali kumweleza, na hapo kengele ya mlango wa chini ikalia.

Mama mdogo aliinuka haraka kuliko magoti yake yalivyomruhusu. Akazima televisheni. Akachomoa flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo juu yake. "Tutasema imeharibika," akasema. "Usijali baba, hakuna atakayejua." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Suti umekuja nayo?"

"Ninayo."

"Basi nenda kavue hiyo, uvae. Upesi, wanapanda."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mvi, nimevaa jezi niliyoivujia damu, na nilikuwa na haki yote ya kubaki nayo. Nikaitazama ile reflekta msumarini. Nikamtazama yeye, jinsi alivyokuwa akinisukuma kwa vidole kuelekea chumbani, akiniokoa.

Nilikwenda nikaivaa. Ilinibana mabegani. Akaja mlangoni kunirekebisha tai, na nilipotoka sebuleni wakanipigia vigelegele, yeye kwa sauti kuliko wote.