Prosesa ya Mwaka Ujao

Mwanangu ananipenda, na kwa mapenzi hayo karibu animalizie macho.

Nina presha ya macho. Daktari wa Thika alinieleza bila kuzungukazunguka: dawa ya matone itachelewesha, haitarudisha chochote, na giza huanzia pembeni. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kuchora ramani katika ofisi ya wapima ardhi, na siku hiyo nikajua ni kazi gani nitakayoifanya kwa macho niliyobakiwa nayo. Nitaijenga upya kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa nilikozaliwa, hapa Ruiru. Nitaijenga ndani ya kompyuta, chumba kwa chumba, ili mtu aweze kutembea humo kwenye skrini na kuona mabati, mfereji wa maji, mibuni inayoteremka hadi mtoni. Hakuna picha ya kambi hiyo ninayoijua. Ilibomolewa, mibuni ikang'olewa, na leo pale pana nyumba za geti na walinzi wanaoniuliza naenda kwa nani. Nisipoichora mimi, basi haikuwahi kuwepo.

Kompyuta yangu kuukuu haikuiweza. Nikiiagiza initolee picha moja tu ya mwanga wa asubuhi juu ya mabati, ilinguruma, ikapata joto, nami nikaenda kubandika githeri, mahindi na maharagwe. Githeri ikaiva, tukala, picha bado. Mara nyingine ilijizima katikati na kunirudisha mwanzo.

Mwanangu hushughulika na kompyuta huko Nairobi, na hizi habari za prosesa, ule ubongo wa kompyuta, anazifuata kama wengine wanavyofuata mpira. Alifurahi kweli nilipomwambia.

"Mum, nitakujengea desktop moto sana," akasema. "Lakini wacha tungoje kidogo. Kuna chip mpya inakuja, hiyo ndiyo itakufaa."

Tukangoja. Kwanza akanionyesha kwenye simu picha ya boksi, iliyopigwa na mtu aliyekuwa akitetemeka. Kisha likaja jedwali la majaribio ambalo jina la prosesa lilikuwa limefutwa. Kisha mtu asiyejulikana, anayemjua mtu wa kiwandani, akasema itakuwa na kasi maradufu, haitapata joto, na itatoka kabla ya Krismasi. Krismasi ikaja na kuku wake, ikapita. Mtu yuleyule akasema pametokea hitilafu kidogo, sasa ni baada ya Pasaka. Sikuona aliyemuuliza kwa nini alitudanganya. Na ilipotoka kweli, tayari kulikuwa na tetesi za ile inayoifuata, ambayo ingetaka bodi ya aina nyingine, kwa hiyo kununua hii kulikuwa ujinga.

Familia yetu haifanyi kitu bila kamati. Harusi kamati, matanga kamati, hata ng'ombe wa dada yangu alipougua tulikaa kikao. Basi kompyuta yangu nayo ikaundiwa kikundi kwenye simu, mwanangu akiwa mwenyekiti. Binti yangu akaandika, "Mum deserves the best, wacha tungoje hiyo mpya." Wote wakaweka vidole gumba. Dada yangu, ambaye hajui prosesa ni nini, naye akaweka.

Nilikasirika sana. Hawakuwa wabaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa maana mtu mbaya ungeweza kumfukuza.

Nayajua maneno hayo ya kungoja. Nimekua nayo. Pale kambini kulivuma kwamba mwenye shamba akiuza, kila mfanyakazi atakatiwa ploti yake. Mtu alikuwa ameiona ramani. Mtu mwingine ana binamu ofisini. Itakuwa baada ya mavuno, hapana, baada ya mvua, hapana, baada ya uchaguzi. Mama yangu alipata nafasi ya kununua kipande kule Kiuu wakati ambapo hakuna aliyekitaka, akakikataa. Ya nini kununua, na yako inakuja? Alikufa akichuma kahawa ya watu. Shamba likauzwa, na geti likawekwa.

Asubuhi moja nikavaa koti langu la kanisani nikaenda Thika, peke yangu, bila kuaga kamati. Kwenye duka la kompyuta nikamwambia muuzaji kazi ninayoifanya, akanitolea mashine yenye prosesa nzuri, ya juu, ila si ya mwisho kutoka.

Akasita. "Lakini mama, nikuambie ukweli, hii inaenda kupitwa. Kuna nyingine inakuja, hiyo ni noma."

"Umeiona?"

"Bado, lakini wanasema..."

"Akina nani?"

Akacheka, akajikuna shingo. Nikamwambia afunge hii iliyo mezani.

Sasa picha iliyonichukua sufuria ya githeri inakuja kabla chai haijapoa. Nafanya kazi kila mchana. Upande wa kushoto umeshaanza kuzima, kwa hiyo nageuza kichwa kama kuku ili nione ukuta wote. Mkinicheka, mnicheke. Dada yangu hukaa kando yangu na kunigombeza. "Atĩrĩrĩ, hebu sikia, huo mlango ulitazama mtoni, si huku!" Nauhamisha.

Mwanangu alipokuja na kuiona mashine, uso ulimshuka.

"Mum, si ungeningoja tu? Juzi kumetoka leak ingine. This time ni serious."

"Keti," nikamwambia.

Nikamtembeza. Tukaingia kambini kupitia penye mfereji, tukapita vyumba vya majirani, tukafika kwa nyanya yake, cucu ambaye hakuwahi kumwona. Nikafungua mlango unaotazama mtoni. Ndani mlikuwa na kitanda, meko, na sakafu ya udongo yenye sufuria katikati. Mwanga ulishuka kutoka juu na kuingia moja kwa moja ndani ya sufuria ile.

Akausogelea mwanga huo kwa jicho lake zima la kijana. "Mum, hapa juu kwa mabati umeacha shimo. Umesahau kufunika."

"Sijasahau. Mvua ilikuwa inapitia hapo. Miaka yote niliyolala humo."

"Na mbona cucu hakutengeneza?"

"Aliambiwa angoje," nikasema.

Alikuwa ameshika simu, ile leak, tetesi mpya ya chip, ingali imefunguka. Akaizima, akaiweka mfukoni. Nami nikageuza kichwa changu chote, nimwone vizuri.