Koti la Bibi Kwenye Chemchemi

Nimepanga vyumba Singida, Mwanza na Dodoma, na sasa niko Tabora. Kila nilikokaa, mama mwenye nyumba alikataza kufulia bombani. Wapangaji wenzangu hununa. Mimi huchukua beseni langu nikaenda pembeni nikicheka peke yangu, maana namkumbuka bibi na koti lake.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na sisi wa kijiji cha Nambis tuliendelea kusema tunatoka Arusha. Chemchemi yetu ilikuwa imejengewa kwa saruji na kutiwa bomba, na wanawake walimchagua mama yangu kuilinda. Sheria ilikuwa rahisi: juu maji ya kunywa, katikati ng'ombe, chini kabisa kufua. Atakayefua juu atazoa tope kwenye birika la kunyweshea ng'ombe.

Asubuhi moja, nikiwa likizo kutoka sekondari, tuliteremka na mama kuchota maji. Tukamkuta bibi, mama yake baba, amekaa juu kabisa penye bomba, anafua koti la mitumba alilonunua mnadani. Povu lilikuwa linaelekea kwenye ndoo za watu. Wanawake kwenye foleni wakamtazama mama. Kila mmoja alikuwa na nguo chafu nyumbani. Sheria ikilegea kwa mama mkwe wake, kesho wote wangefulia pale.

Mama akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

Bibi akaendelea kusugua.

Kwetu huwezi kumlaumu mkubwa kabla hajaitikia salamu yako, na bibi alilijua hilo kuliko sisi sote.

"Shikamoo, mama."

"Hili koti," bibi akawaambia wanawake, "mwenyewe alifia Ulaya. Linataka maji mengi."

"Bibi, itikia basi tuchote maji!" mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Bibi akajaribu kulinyanyua koti. Likamshinda. Lilikuwa limekunywa maji, zito kama ndama, na mkono wake mmoja ukakimbilia goti. Mama akaelewa kabla yetu: kuteremka mpaka chini bibi angeweza, lakini kupanda tena na mzigo ule, hapana. Akalibeba koti likimchuruzikia gauni, akashuka nalo mpaka chini pa kufulia, nami nyuma yake na sabuni ya mche. Akaliacha kwenye beseni, akapanda tena.

"Marahaba," bibi akasema. "Haya, mheshimiwa, sema sasa."

"Tope, mama."

"Mimi?"

"Wewe. Koti nitalifua mimi. Tope ni lako."

Bibi alilizoa kwa sufuria kuukuu, amekaa kwenye jiwe, mpaka jua likawa kali. Kila aliyeleta ng'ombe alisimamishwa.

"Unaona? Mke wa mwanangu ndiye kaniweka hapa," alisema, kwa sauti ya mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani. "Hata mimi hakuniogopa. Wewe jaribu kufua kule juu uone."