Mguu Uliowaka Kijani Kwenye Kupamba

Mguu wangu uliwaka kijani ukumbini, mbele ya wanawake mia mbili, nami nacheza.

Si mzaha. Nawaandikia kina mama wenzangu mkae macho.

Mguu huo wa kushoto ulikuwa umenivimba. Daktari akasema damu imeganda ndani ya mshipa, akanipa vidonge vya kila siku, nisikose.

Binti yangu Mwanakuu afanya kazi maabara. Siku moja jikoni akanieleza: wana kitu chao hung'ang'ania damu iliyoganda, kikang'aa. Damu ikiyeyuka, mng'ao huachia, nao hupima damu yayeyuka kwa kasi gani.

Mimi nilishika la kuyeyuka tu.

Kesho yake nikaona kichupa cha manjano kwenye friji, nyuma ya achari. Nikasema moyoni, tazama mtoto huyu, dawa imo ndani na mamake achechemea.

Nikachanganya na mafuta ya nazi, nikajipaka kila asubuhi. Vidonge nikavifungia kabatini.

Siku tisa.

Uvimbe nikauona unapungua. Mtu akitaka kuona, huona.

Ikaja kupamba ya bintiye jirani, usiku wa wanawake kumtazama bibi harusi, pale karibu na Ndia Kuu. Nikapandisha gauni nicheze, watu wajue nimepona. Mara wakawasha taa za buluu, mguu ukawaka kijani.

Amtulla wa duka la vitambaa akanishika mkono. "Bi Mejumaa, umemeza karabai?"

Wanawake wakanizunguka.

"Wajipaka nini, shoga?"

"Niwekee chupa moja," akasema Amtulla.

"Na mimi, ya magoti."

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mguu wauma. Na ulikuwa wauma.

Mwanakuu akanivuta hadi kwenye korido.

"Mama, kichupa cha friji?"

"Si ulisema chayeyusha damu?"

"Nilisema chaonyesha ikiyeyuka. Na kile si chenyewe. Chenyewe hakitoki maabara. Ile ni rangi tupu, ya kuwaonyesha wanafunzi inavyowaka kwenye taa ya buluu."

Nikateremsha gauni.

"Vidonge wanywa?"

Nikatazama hina yangu.

Tuktuk moja kwa moja hospitali, na gauni langu la vimetameta. Daktari akapima. Damu ilikuwa imeganda hadi pajani. Akasema ingekatika kipande kikapanda mapafuni, kupamba ingegeuka matanga.

Nililazwa siku sita, sindano za tumboni asubuhi na jioni.

Mama wenzangu, taa huonyesha taka, haifagii. Ukipewa vidonge, meza vidonge.

Na nyinyi mlioagiza chupa, mwajijua. Jana Amtulla kanipigia simu tena.

Hakuulizia mguu.