Gauni la Buluu Chini ya Dirisha

Bi Sindano alishona nguo za watu miaka hamsini, na hakupenda kuamrishwa. Korona ilipokuja na watu wakaambiwa wakae ndani, alikaa, ila akapanda stuli kuchungulia juu ya ukuta aone jirani gani anatoka kinyemela. Stuli ikamtupa. Nyonga ikavunjika.

Hospitali walimchokonoa pua kwanza, wakasubiri majibu, ndipo wakamwandaa kwa upasuaji. Daktari akainama kumweleza watakavyotia chuma, barakoa yake ikining'inia chini ya pua.

"Mwanangu, hicho kitambaa tu kimekushinda, mfupa wangu utauweza?"

Daktari akaipandisha haraka. Manesi wakageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Upasuaji ulikwenda salama. Kasheshe ilianza kesho yake, dada wa mazoezi ya viungo alipoleta fremu ya kutembelea.

"Bibi, leo tunasimama."

"Simama wewe. Mimi nitatembea nikifika kwangu."

Siku mbili ni hivyo hivyo. Dada alijua mzee akilala sana mapafu huharibika na damu huganda. Tena wageni walipigwa marufuku, hakuna ndugu wa kumbembeleza. Akampigia simu binti wa Bi Sindano.

"Mama hukasirishwa na nini hasa?"

Binti hakufikiri mara mbili. "Mtu akigusa gauni lake la buluu. Hata mimi siruhusiwi kulipiga pasi."

"Basi kesho saa nne njoo uani hapa hospitali, chini ya dirisha la wodi. Umelivaa."

Kesho yake, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyekwisha kuelezwa mpango na dada, akachungulia nje. "Mwenzangu, yule si binti yako? Gauni la buluu limemkaa!"

"Gauni gani?"

Miguu ikashuka kitandani. Akaikamata fremu, jasho linamtoka, kila hatua na tusi lake, dada kamshika kiunoni. Hatua tisa hadi dirishani. Chini, binti anajizungusha, upindo unaburura vumbi.

"Vua!"

"Hapa hapa, mama?"

Wodi ikaangua kicheko. Bi Sindano akageuka, akaona macho ya dada yanacheka juu ya barakoa, akaelewa. Alinuna mpaka chakula cha mchana, kisha akamwita.

"Mjanja wewe. Kesho nifikishe mlangoni."

Siku ya kumi aliruhusiwa, akatoka kwa miguu yake na fremu. Nyumbani alimnunia binti wiki nzima, huku akimwegemea kila alipokwenda bafuni.