Kinga Inafika Mpaka Wapi

Ufipa mbingu iko karibu. Miti ni michache juu ya ule uwanda, na mvua unaiona ikija ikiwa bado mbali, nyeusi, haina haraka. Shule yetu ya msingi ilikuwa nje kidogo ya Sumbawanga, na masika yakianza sisi walimu tulifundisha jicho moja liko dirishani. Msimu uliotangulia radi ilikuwa imepasua ukuta wa darasa la tano. Bahati ilikuwa Jumapili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yamefurika vitu, na waya wa shaba unaletwa na wafanyabiashara wa Tunduma. Mwalimu wa Sayansi, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, akaja ofisini na wazo: radi tusiifundishe vipande vipande. Yeye aeleze umeme wa mawinguni, mwalimu wa Hisabati awafundishe kupima, mimi wa Kiswahili niwape watoto maneno ya kwenda kuyaeleza hayo nyumbani. Wenzetu walitucheka, eti tumeshindwa kazi mpaka tushikane mikono. Mimi nilifurahi mno. Nilikuwa nimechoka kufundisha ngeli kwa watoto wanaosinzia.

Tukasimamisha chuma juu ya paa, waya ukashuka ukutani hadi ardhini. Kwa Kiswahili kinaitwaje? Nikaandika ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri: kinga ya radi. Neno ni sahihi. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakwambia ni sahihi.

Mwalimu wa Hisabati akawatoa watoto nje, wakavuta kamba, wakachora duara kuonyesha kinga inafika mpaka wapi. Halikwenda mbali, lilizunguka darasa na kipande cha uwanja tu. Msichana mmoja wa darasa la sita alisimama nje ya mstari akiangalia nyumba ya nyasi nyuma ya ua wa shule. Alikuwa akiishi pale na bibi yake, ambaye saa ya mapumziko aliwauzia watoto viazi vya kuchemsha.

"Mwalimu, kwetu haifiki?"

"Haifiki. Kwenu mtahitaji yenu."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Watoto wakalibeba neno nyumbani, kama tulivyowaagiza. Na nyumbani, Ufipa, kinga ni kitu kinachojulikana sana. Ni dawa ya mganga, hufukiwa mlangoni, na kinga ya kweli haizuii tu, inarudisha. Radi iliyotumwa ikikuta kinga humrudia aliyeituma. Mimi mzaliwa wa Msanzi, huku huku Ufipa, nimekua nikiyasikia hayo, ila nilidhani neno likishapita kwenye chaki limetakata.

Wazazi wakaanza kutuamkia kwa adabu ya ajabu. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini mganga wetu tumemtoa wapi. Tulicheka ofisini mpaka machozi, na kicheko kile nakichukia mpaka leo.

Mchana mmoja wingu likafunga, kukawa giza, radi ikapiga. Watoto wote walikuwa darasani, wazima. Tulipotoka, nyumba ya bibi ilikuwa inawaka, yeye mwenyewe ndiyo kwanza anakimbia kutoka shambani. Watu walikuwa wamejaa, wamesimama mbali. Hakuna aliyechota maji.

Usiku ule mkutano ukaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji, bibi akakalishwa mbele, na walimu watatu tukatakiwa tuseme. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Walimu, hiyo kinga yenu inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee wangu," akajibu mwalimu wa Sayansi.

"Na wingu lilikuwa juu ya shule?"

"Ndiyo, lilikuwa juu ya shule."

"Likaikuta kinga."

"Hapana, mzee, si hivyo—"

Mwalimu wa Hisabati akainuka kumsaidia. Akaeleza kwa upole kwamba nyumba ile ilikuwa nje ya duara. "Nje ya kinga," watu wakanong'onezana. "Kasema mwenyewe." Nikasimama na mimi, nikasema kile ni chuma tu, hakina dawa, hakirudishi kitu.

"Sasa mwalimu, mbona ulikiita kinga?"

Nilikuwa na jibu la kamusi. Nikalitoa. Tulishirikiana vizuri usiku ule kuliko siku zote darasani, na kila tulipoeleza, yule bibi wa watu alizidi kubanwa. Yeye alisema mara moja tu: "Nitume radi ikaunguze mbegu zangu mwenyewe?" Akaambiwa ahame kwa usalama wake, na tulijua maana yake.

Kesho yake msichana alikuja kurudisha vitabu vya shule. Walikuwa wanakwenda Milepa kwa ndugu wa bibi, na gari la mizigo lilikuwa linasubiri barabarani. Tulikuwa watatu mlangoni mwa ofisi. Akatuamkia, shikamooni, akaweka vitabu chini, akaangalia uwanja ambako mstari wetu ulikuwa umekwishafutwa na mvua.

"Walimu, lile duara. Hamkuweza kulichora lifike kwa bibi?"

Tukatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, kana kwamba swali lile ni la somo la mwingine.