Sarafu ya Otylia

Walenty Gajda alitengeneza gramafoni za watu wa mtaa wa Bałuty, mjini Łódź, nchini Polandi, kwa muda mrefu hata wakawapo waliomletea mashine alizokwisha kuwatengenezea baba zao. Hakuwa na papara. Kwanza huchomoa waya wa umeme. Kisha huufunga mkono wa gramafoni kwa utepe, usije ukayumba ukavunja sindano. Ndipo huinua sahani ibebayo santuri, wima, kwa mikono miwili, kama amwinuaye mtoto aliyelala. Lililomuudhi ni moja: mteja aliyeweka sarafu juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke.

"Sindano huteleza, Bwana, hailimi," husema akiibandua kwa ukucha. "Umezilima santuri zako zote. Haya, vuna!"

Lakini kinyozi hajinyoi. Gramafoni yake mwenyewe ilikuwa na sarafu.

Iliwekwa na mkewe, Otylia. Kila Februari, katika sikukuu ya jina la Walenty, siku ya mtakatifu somo wake, walipiga kadi ya sauti: kadi ya posta yenye picha ya maua, iliyofunikwa plastiki nyembamba yenye mifuo, ambayo Otylia alimrekodia katika kibanda cha kurekodia sauti walipokuwa wachumba. Mwaka mmoja sindano iliruka, naye Otylia akatoa sarafu nzito mfukoni mwa aproni. "Usinikodolee macho, Walek. Utaitengeneza kesho." Kesho yake aliamka na homa, na kabla ya Pasaka wakamzika.

Nguo zake ziligawiwa, vyombo vyake vikahamishwa. Sarafu pekee ilibaki palepale mkono wake ulipoiweka, na Walenty hakuthubutu kuigusa. Kila Februari aliipiga kadi chini ya uzito ule. Kila mwaka sauti ilififia, naye akayasingizia masikio yake.

Hata mwaka huu Genowefa, dadake Otylia, akaja na maandazi ya jamu ya waridi, akasikiliza.

"Shemeji, huyo ni dada yangu au unakaanga vitunguu?"

"Masikio yako yamezeeka."

"Yangu? Mimi namsikia jirani wa juu akivua soksi!" Akainama juu ya mashine, na kicheko kikamkatika. "Sarafu, shemeji? Wewe, uliyemfokea Bibi Kapusta kwa sarafu yake mpaka akalia?"

"Aliiweka yeye."

"Najua. Na wewe ndiye unayemfuta."

Walenty aliisimamisha sahani. Alivaa miwani, akachomoa waya. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi kwenye mhimili. Aliyatoa kwa pamba iliyoviringwa kijitini, akatia tone moja la mafuta ya cherehani. Gurudumu la mpira linalozungusha sahani alilipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa spiriti hukausha mpira. Akapachika sindano mpya. Kazi yote aliifanya akiizunguka ile sarafu, mpaka pakawa hapana kilichosalia ila yenyewe. Akaiondoa. Chini yake palikuwa na duara jeusi linalong'aa, ambalo vumbi halikulifikia.

Akausawazisha mkono hata ukaelea, akaupa uzito mdogo unaostahili, akaiweka kadi.

Sindano haikuruka. Haikukwaruza. Ilipita juu ya mifuo iliyolimwa ikatoa mvumo tu, kama mvua ya mbali. Na katikati ya mvumo, pumzi moja, ya mtu anayetaka kusema.

"Piga tena," Genowefa alinong'ona.

"Hakuna cha kupiga."

"Alisemaje? Mimi sikuwahi kuyashika maneno yake."

Walenty aliyajua yote. "'Walek, heri ya sikukuu yako. Nunua mkate, na usichelewe.'"

Aliyasema kwa sauti yake, sauti kavu ya mzee, akajaribu kuisikia nyingine nyuma yake, asiisikie. Sarafu ilikuwa imepata joto kiganjani mwake. Mbele yao sahani iliendelea kuzunguka, laini, bila mlio wowote, kama ambavyo Otylia hakuwahi kuiona ikizunguka.